MADA YA 7: KUSANIFU UPYA NEMBO JONGEVU YA STUDIO YA FILAMU

Mfano: Simba wa Metro-Goldwyn-Mayer (MGM)

Malengo. Baada ya kusoma mada hii uweze: (i) kueleza maana na kazi za nembo jongevu, (ii) kubainisha kilichobadilika na kilichobaki nembo inaposanifiwa upya, (iii) kutetea hoja yako kwa mifano.

7.1 Maana na kazi
Nembo jongevu ni alama ya studio yenye mwendo na sauti, inayooneshwa kwa sekunde chache kabla ya filamu kuanza. Humtambulisha mtayarishaji, humwandaa mtazamaji kutulia, na hujenga imani kwa kazi inayofuata.

7.2 Historia fupi
MGM iliundwa mwaka 1924, Marekani, kwa kuunganisha kampuni tatu. Simba alirithiwa kutoka mojawapo, Goldwyn Pictures. Simba wa kwanza wa MGM, Slats, hakusikika kwa kuwa filamu zilikuwa bubu. Mwaka 1928 ngurumo ya Jackie ilisikika. Mwaka 1957 alianza kutumika Leo, aliyedumu kuliko wote.
Katika miaka ya 1960 studio ilijaribu mchoro wa simba asiyesogea. Ulitumika katika filamu chache, ikiwemo *2001: A Space Odyssey* (1968), kisha simba anayenguruma akarejeshwa.

7.3 Mabadiliko ya 2021
(a) Simba hakupigwa picha. Alitengenezwa kwa kompyuta kwa kufuata sura ya Leo.
(b) Kaulimbiu hutokea kwanza kwa Kiingereza, kisha hugeuka kuwa Kilatini: *Ars Gratia Artis*, yaani "sanaa kwa ajili ya sanaa".
*Yaliyobaki:* simba mmoja, ngurumo, utepe wa filamu unaomzunguka, na kaulimbiu.

7.4 Je, simba wa kompyuta ni udanganyifu?
Wapo wanaosema mnyama halisi ana uhai ambao kompyuta haiwezi kuutoa. Hoja hii ina uzito: mtazamaji alijua kwamba simba yule aliwahi kusimama mbele ya kamera. Lakini kumbuka jambo moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtaalamu wa sauti Mark Mangini aliitengeneza upya ngurumo ya Leo kwa kutumia sauti za chui milia, kwa sababu sauti ya simba mwenyewe haikuwa kali kiasi kilichotakiwa. Hivyo hata simba "halisi" alikuwa tayari kazi ya usanii. Swali la msingi basi si kama nembo ni ya kweli, bali kama mtazamaji bado anaitambua.

ZINGATIA. Wanafunzi wengi huandika "walibadilisha ili ipendeze" na kukosa alama. Taja badiliko, eleza sababu, kisha onesha athari yake kwa mtazamaji. *Mfano:* kaulimbiu ilioneshwa kwa Kiingereza (badiliko). Kilatini hakieleweki kwa wengi (sababu). Mtazamaji sasa anapata maana bila kupoteza maneno aliyoyazoea (athari).

Swali la mfano
"Kusanifu upya nembo ni kufuta kumbukumbu ya watazamaji." Jadili. (Alama 10)

Mwongozo wa majibu
- Utangulizi: maana ya nembo jongevu na msimamo wako (alama 2).
- Kukubali: mchoro wa miaka ya 1960 uliondoa mwendo na ngurumo, haukudumu (alama 3).
- Kukataa: nembo ya 2021 ilibadilisha mbinu ya utengenezaji lakini ikahifadhi alama kuu (alama 3).
- Hitimisho: kumbukumbu hufutwa pale kitambulisho kinapoondolewa, si pale kinaposafishwa (alama 2).

Jipime
1. Kwa nini ngurumo haikusikika mwaka 1924?
2. Taja mambo mawili yaliyobaki katika nembo ya 2021 na ueleze umuhimu wa kila moja.
3. Chagua nembo ya kituo cha televisheni unachokitazama. Ukipewa kazi ya kuisanifu upya, ni kipi usingekigusa? Toa sababu.