Stima ikipotea, mgonjwa wa mashine atapumua vipi?

Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, simu yangu ililia kabla sijapata kiberiti. Aliyepiga ni kijana wa mgonjwa wangu mmoja, mzee wa miaka sabini na kitu anayeishi mtaa wa Umoja hapa Nairobi. Mzee huyu ana ugonjwa sugu wa mapafu na hulala akiwa ameunganishwa na mashine ya oksijeni.

"Daktari, mashine ya baba inalia tu, haitoi hewa."

"Si mlinunua betri mwezi jana?"

"Tulinunua. Imefanya kazi saa moja hivi, sasa imezima kabisa."

Nikamwambia asingoje stima irudi, amkalishe mzee wima na kumkimbiza hospitali ya karibu yenye mitungi ya oksijeni. Alifika midomo ikiwa imebadilika rangi. Alilazwa siku nne.

Baadaye nilienda kuiona hiyo betri. Ilikuwa ya volti 12, ampea 100, imefungwa vizuri tu na fundi. Lakini ilikuwa imebebeshwa mashine ya oksijeni, friji, televisheni na taa za nyumba nzima. Muuzaji hakuwa ameuliza kama kuna mgonjwa. Nami, kusema kweli, tangu nilipoagiza mzee apewe oksijeni nyumbani sikuwa nimeuliza itakuwaje stima ikipotea. Tangu siku hiyo huuliza kila mgonjwa, na ndiyo sababu ya makala hii.

Jambo la kwanza, msomaji, ni kujua kama mgonjwa wako anahitaji betri kweli. Wengi huja kwangu wakitaka betri kubwa kwa sababu ya insulini iliyo katika friji. Hiyo ni gharama ya bure. Chupa ya insulini inayotumika yaweza kukaa nje ya friji kama wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 25 hadi 30 kulingana na aina yake. Soma karatasi iliyo ndani ya pakiti. Zile ambazo hazijafunguliwa ndizo za friji, na friji isiyofunguliwafunguliwa hubaki na baridi kama saa nne baada ya stima kukatika. Zaidi ya hapo, tia dawa ndani ya mfuko wa plastiki usiopenya maji, uuweke katika chungu cha udongo kilicholowa maji, kivulini. Usiiweke insulini karibu na barafu, ikiganda imeharibika.

Mtoto wa pumu naye hana haja ya betri. Inhela inayopulizwa kupitia chombo chake cha plastiki, ikitumiwa sawasawa, husaidia kama nebulaiza katika mashambulizi mengi ya pumu. Muulize daktari wako akuonyeshe namna ya kuitumia kabla ya usiku wa shida.

Anayehitaji betri ni yule ambaye mashine yake haifai kusimama: mtu wa oksijeni, na yule anayelala na mashine ya kusukuma hewa kwa sababu pumzi hukatika usingizini. Huyu wa pili mzigo wake ni mdogo. Mashine nyingi za aina hiyo hula wati 30 hadi 60 tu, ukizima kile kisehemu kinachopasha maji joto. Huyu wa kwanza ndiye mwenye hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu.

Geuza mashine, usome kibandiko kilicho nyuma. Mashine ya kawaida ya lita 5 kwa dakika hula wati 300 hadi 350. Tuseme 350, na tuseme unataka saa sita. Mara sita ni 2,100. Inveta, yaani kile kifaa kinachogeuza stima ya betri iwe kama ya ukutani, hujilia sehemu yake, kwa hivyo ongeza kama asilimia 15. Utapata karibu 2,400. Sasa tazama betri. Volti 12 mara ampea 200 ni 2,400 pia, na hapo muuzaji atakuambia betri moja yatosha. Haitoshi! Betri ya asidi haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu ya nguvu zake, la sivyo itakufa mapema. Kwa hivyo ni betri mbili za ampea 200 ndizo zitakazompa mgonjwa saa zake sita. Betri ya lithiamu ya ukubwa huohuo yaweza kutumiwa asilimia 80 bila kuumia, nayo moja itafika karibu saa tano. Bei yake ni ya juu, lakini hudumu miaka mingi zaidi, na kwa mgonjwa wa kila usiku mimi ningeichagua hiyo mtu akiwa na uwezo. Betri ya gari usinunue hata kwa bei ya kutupa. Imetengenezwa kuwasha injini kwa mkupuo mmoja, haiwezi kuvutwa polepole usiku kucha.

Inveta iwe ya wati 1,000, kwa sababu mashine hizi hunywa stima nyingi zaidi sekunde ile zinapoanza. Pia iwe ya aina itoayo stima laini kama ile ya laini kuu. Zile za bei ya chini hutoa stima ya kurukaruka. Taa haitajali, lakini mashine ya mgonjwa hupata joto na kuharibika. Mwambie fundi aiandike aina hiyo kwenye risiti. Na fundi mwenyewe awe na leseni ya EPRA.

Mstari huo wa betri uwe wa mgonjwa peke yake. Mashine yake, taa moja ya wati 7, na pahali pa kuchaji simu. Najua vijana watalalamika mpira ukiwa kwenye televisheni.

Betri ya asidi ikichajiwa hutoa hewa ya hidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche ndogo. Basi isikae chumba cha kulala wala chini ya kitanda, kama nilivyoona nyumba moja, bali mahali penye hewa ya kutosha na pasipofikiwa na watoto. Anayeongeza maji ya betri avae miwani na glavu. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, halafu uende hospitali; usipake maziwa wala dawa ya dukani. Kuhusu betri za lithiamu, jiepushe na zile zilizoungwaungwa kwa betri za laputopu kuukuu. Hizo zimewahi kuwasha moto katika nchi nyingi.

Mshumaa na koroboi zisiingie kabisa chumba chenye oksijeni, wala mtu asivute sigara humo. Oksijeni yenyewe haiwaki, ila huifanya blanketi, nywele na mpira wa puani kushika moto upesi ajabu. Usiku stima ikipotea, mkono wa kwanza wa kila mtu huenda kwa kiberiti, na hapo ndipo hatari ilipo. Weka tochi kando ya kitanda.

Wengine huniuliza kuhusu jenereta. Inafaa, lakini ikae nje, mbali na madirisha. Wenye fleti huiweka kwenye roshani, na moshi wake hurudi ndani ukiwa na kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu. Watu wa nyumba nzima wakiumwa na kichwa pamoja, wakisikia kizunguzungu na kichefuchefu, wasilale. Watoke nje mara moja, waende hospitali. Jiko la makaa lina hatari hiyohiyo.

Hata ukiwa na betri nzuri namna gani, mgonjwa wa oksijeni awe na mtungi wa akiba uliojaa, pamoja na kipimo chake, na watu wawili nyumbani wanaojua kuufungua. Mara moja kwa mwezi, mchana, zima stima makusudi ukiwa na saa mkononi, uone mashine inakwenda kwa muda gani. Betri huchoka kimyakimya. Yule mzee wa Umoja sasa ana betri mbili na mtungi, na kijana wake hunipigia kila mwisho wa mwezi kuniambia saa zilizopatikana. Mwezi uliopita zilikuwa tano na nusu badala ya sita, na nimemwambia aite fundi.