Gumu la Macho na Gumu la Kichwa: Somo la Mrejesho kutoka Meli ya Obra Dinn

Kila mwisho wa semesta tunapewa fomu ya kumtathmini mhadhiri, na wengi wetu tunajaza neno moja: gumu. Somo gumu, testi ngumu, mwalimu mgumu. Sasa kaa upande wa pili wa fomu hiyo. Sisi wa ualimu muda si mrefu tutasimama darasani, na watoto wa kidato cha kwanza watatuambia hilohilo. Ukiambiwa "gumu", unarekebisha nini? Jibu lililonisaidia zaidi sikulipata kwenye madesa ya saikolojia ya elimu. Nililipata kwenye gemu.

Gemu lenyewe ni Return of the Obra Dinn. Lilitoka Oktoba 2018, na karibu kila kitu ndani yake ni kazi ya mtu mmoja, Lucas Pope, Mmarekani aliyehamia Japani. Mwaka ni 1807. Wewe ni mkaguzi wa bima wa kampuni ya Kiingereza iliyofanya biashara na Uhindi. Meli iliyopotea safarini imeibuka yenyewe Falmouth, Uingereza, na ndani hamna aliye hai. Unapewa saa ya mfukoni inayokurudisha kwenye sekunde ya mwisho ya kila marehemu, pamoja na kitabu chenye watu 60. Kazi yako ni kujaza: huyu ni nani, alipatwa na nini, na nani alihusika.

Sura yake ni ya kizamani kwa makusudi. Ina rangi mbili tu, kama kompyuta za Macintosh za miaka ya 1980, na vivuli vyote vimechorwa kwa nukta. Hapo ndipo lilipoanzia lalamiko la kwanza. Gemu likijaza skrini nzima, kila ukigeuka nukta zile zinachezacheza, macho yanachoka haraka. Pope alilichukua hilo kwa uzito. Alitumia muda mwingi kutafuta namna ya kuzifanya nukta zitulie kwenye picha mchezaji anapogeuka. Staili ya kizamani ikabaki, karaha ikapungua.

Lalamiko la pili ni kwamba gemu halikwambii ukipata au ukikosa. Linathibitisha pale tu unapokuwa na majibu sahihi ya watu watatu. Hili Pope hakuligusa, na hesabu inaonyesha kwa nini. Kama lingethibitisha jibu mojamoja, ungejaribu jina baada ya jina, na kwa sura moja usingezidi majaribio 60. Kwa sura tatu kwa pamoja, mpangilio wa majina peke yake ni 60 × 59 × 58, yaani 205,320. Hapo kubahatisha hakulipi, inabidi ufikiri: usikilize lafudhi, uangalie namba za vitanda vya mabaharia, uone nani anakaa na nani. Ni kweli, ukiwa na uhakika wa wawili unaweza kubahatisha wa tatu, na wachezaji wanafanya hivyo. Lakini huyo wa tatu umemlipia kwa kazi ya wale wawili.

Wala hakuwatupa watu baharini. Picha ya mtu kitabuni inabaki na ukungu hadi uwe umeona vya kutosha kumtambua. Alama za pembetatu zinakuonyesha yupi mwepesi na yupi mgumu. Ngazi ipo, ila ya kupanda ni wewe.

Lalamiko la tatu linahusu kutembea. Ukitaka kuangalia tena tukio, lazima urudi kwa miguu hadi ilipo maiti. Hapa mimi nipo na walalamikaji. Kuzunguka sitaha hakunifikirishi chochote, kunanichelewesha tu.

Mwaka 2019 gemu lilipata tuzo mbili za BAFTA, moja ya sanaa na moja ya usanifu wa mchezo: ile sura iliyorekebishwa, na ule ugumu ulioachwa.

Rudi darasani. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi anaingia kidato cha kwanza, anapewa swali la biolojia kwa Kiingereza. Anasema gumu. Je, ameshindwa biolojia, au hajalielewa swali? Hilo ni gumu la macho. Mwandiko usiosomeka ubaoni na fotokopi iliyofifia viko kundi hilohilo. Viondoe bila huruma, kwa sababu havimfundishi mtu kitu. Gumu la kichwa ni lile la kuelewa kwa nini maji yanaingia kwenye seli. Hilo ukiliondoa, umeondoa somo lenyewe. Mwekee ngazi. Na usimpe vema kila anapobahatisha. Subiri afanye maswali matatu, kisha umwambie kama yote yako sawa.

Na sisi wenye fomu tuna wajibu. Mhadhiri anayesoma "gumu" mara 80 hana namna ya kujua arekebishe kipi, na kilicho rahisi kwake ni kupunguza maswali mazuri. Semesta hii andika sentensi mbili. Ya kwanza: nini kilinizuia nisilione swali. Ya pili: swali gani lilinichosha kichwa, na ningependa lirudi.