Pampu Inakupiga Shoti Kidogo? Usiizoee

Kiangazi ndiyo msimu wa bustani kwetu Tabora. Nyanya na vitunguu vinategemea pampu, vifaranga wanategemea taa usiku. Na kiangazi hichohicho ndicho kinacholeta swali hili kutoka kwa vijana: "Afisa, nikigusa pampu inanipiga kidogo tu, ni kawaida?" Hapana, siyo kawaida. Ni onyo. Leo tujifunze chanzo chake, na namna ya kutafuta hitilafu bila kuhatarisha maisha.

Kwa nini ethi inachoka kiangazi

Kazi ya waya wa ethi ni kupeleka ardhini umeme uliovuja kwenye bodi la chuma, ili fyuzi iungue au breka ikate. Lakini umeme hupita vizuri kwenye udongo wenye unyevu. Kichanga chetu kikikauka kuanzia mwezi wa sita, upinzani unapanda.

Piga hesabu. Tuseme ethi yako ina upinzani wa omu 50. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Gawanya 230 kwa 50, unapata ampea 4.6. Fyuzi ya plagi ni ya ampea 13, haiungui. Breka ya 16, haikati. Maana yake bodi la pampu linabaki na umeme, na wewe umesimama peku kwenye tope la bustani. Yaani msimu unaotumia pampu sana ndio msimu ethi yako ni dhaifu zaidi.

Dawa ni mbili, na zote zinahitajika:

1. Ethi ifike kwenye udongo wenye unyevu. Fundi anaweza kuongeza fimbo ya pili na kuziunganisha, zikiwa zimeachana angalau kwa urefu wa fimbo moja. Mwambie apime kwa kipimo cha ethi, asikisie kwa macho. Kumwagia maji kunasaidia kwa muda tu.
2. Funga swichi ya kuzuia uvujaji, ile mafundi wanayoiita RCD, ya miliampea 30. Hii haingoji ampea 13. Ikiona kiasi kidogo kinavuja, inakata papo hapo. Ina kitufe cha T. Kibonyeze kila baada ya miezi michache. Isipokata, ibadilishwe. Ila jua kwamba kitufe hicho kinapima swichi tu, hakipimi ethi yako.

Breka ikikata, tafuta kwa hatua

Usiirudishe kwa nguvu mara tano, na usiifunge kwa waya. Fanya hivi, mikono mikavu na viatu miguuni:

1. Chomoa vifaa vyote na uzime swichi za taa.
2. Shusha breka ndogo zote, kisha pandisha meni swichi.
3. Pandisha breka ndogo moja moja. Inayokata ukiwa hujachomeka kitu, shida iko kwenye waya za ukutani. Ishushe, iache hapo, mwite fundi.
4. Kama zote zimekaa, chomeka kifaa kimoja kimoja. Kinachokata ndicho kibovu. Kiweke pembeni.

Muda nao unakupa jibu. Inakata papo hapo? Mara nyingi ni shoti. Inakata baada ya dakika kadhaa? Umezidisha mzigo. Inakata mvua ikinyesha au ukimwagilia? Maji yameingia kwenye soketi au kiunganisho.

Dalili nyingine

- Taa zinafifia pampu ikiwaka: mota huvuta umeme mwingi sana inapoanza. Kama zinabaki zimefifia, waya ni mwembamba au mrefu mno. Mota ya namna hiyo huungua mapema.
- Soketi ina moto au inanuka: kiunganisho kimelegea. Acha kuitumia leo.
- Taa zinawaka kali kuliko kawaida: huenda nyutro imelegea kwenye laini. Zima meni swichi mara moja, wapigie Tanesco.
- Uniti za LUKU zinaisha haraka: chomoa kila kitu, zima taa, meni swichi ibaki imewashwa. Kama kitaa cha mita bado kinawakawaka, kuna umeme unaovuja mahali.

Banda la vifaranga

Ekstensheni ya plagi ya ampea 13 inabeba kama wati 3,000, basi. Taa nne za bruda za wati 250 ni wati 1,000. Ukiongeza pasi ya 1,000 na birika la 2,000 umefika 4,000. Ekstensheni iliyoviringishwa inapata moto hata kabla ya hapo, kwa hiyo inyooshe yote. Taa ining'inie kwa mnyororo, siyo kwa waya wake. Ikidondoka kwenye maranda, banda linaondoka na vifaranga wote.

Miembe na radi

Ile miembe mikubwa ya njia ya zamani ya misafara, kutoka Tabora kuelekea Ujiji, inapendeza, lakini matawi yake yakikaribia laini ni hatari. Usiyakate mwenyewe, toa taarifa Tanesco. Na maembe yakiiva, watoto wasiangue kwa bomba la chuma au mti mbichi karibu na nyaya. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, chomoa pampu kabla radi haijafika. Ikishaanza kupiga, usisogelee soketi.

Mtu akinaswa

Usimshike. Zima meni swichi kwanza. Kama ni mbali, msukume waya kwa mti mkavu ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu. Kama ni waya wa laini kubwa ulioanguka, kaa mbali kabisa na uwapigie Tanesco. Umeme ukishakatwa na mtu hapumui, anza kubonyeza kifua chake katikati, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta usafiri. Hata akiamka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali.

Kazi ya wiki hii

Wewe unaruhusiwa kuangalia, kuchomoa na kuzima. Kufungua waya ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na mita pamoja na nyaya za kabla yake ni za Tanesco. Kwa hiyo kabla ya kumwagilia kesho: bonyeza kitufe cha T, fuata waya wa ethi kutoka kwenye pampu mpaka ardhini uone haujakatika, na shika kila plagi uone kama ina joto. Kama pampu inakupiga hata kidogo, izime, mwagilia kwa ndoo siku mbili, mwite fundi. Nyanya zinapandwa tena.