ELIMU YA UGANI: PIMA JIWE KABLA YA KUJAZA KITANDA

Ufugaji wa samaki pamoja na kilimo cha mboga katika maji yale yale, unaojulikana kwa jina la akwaponiki, ni njia inayozifaa kaya zenye eneo dogo na maji machache. Maji ya tangi la samaki hupandishwa kwa pampu ndogo hadi kwenye kitanda cha mimea kilichojazwa kokoto, hupita kati ya mizizi, kisha hurejea tangini yakiwa yamesafika. Makala haya yanahusu sehemu moja ya mfumo huo, nayo ni kokoto zenyewe. Kwa wakazi wa mwambao wa Kilwa na Lindi, uchaguzi wa kokoto unaweza kuamua iwapo mfumo utastawi au utaangamiza samaki.

Kazi ya kokoto

Kokoto hushikilia mizizi, huchuja kinyesi cha samaki, na huwa makazi ya bakteria. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao wenyewe. Bakteria wanaoishi juu ya kokoto huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, na nitrati ndiyo chakula cha mboga. Kwa hiyo kokoto yenye vitundu vingi ni bora kuliko iliyo laini, kwa kuwa bakteria hupata nafasi kubwa zaidi.

Ukubwa unaofaa ni milimita 8 hadi 20, yaani kati ya punje ya hindi na korosho iliyobanguliwa. Zikiwa ndogo zaidi, kitanda huziba na mizizi hukosa hewa. Zikiwa kubwa mno, mizizi hukosa pa kushika na bakteria hupungukiwa makazi.

Kitanda chenye mita 1 ya mraba na kina cha sentimita 30 huchukua lita 300 za kokoto, sawa na ndoo 15 za lita 20. Uzito wake hukaribia nusu tani. Atakayekosea kuchagua atalazimika kuupakua mzigo huo wote na kuununua mwingine.

Jiwe la kwetu na tabia yake

Jiwe lililo karibu zaidi na wakazi wengi wa mwambao ni la matumbawe ya kale. Ndilo lililojengea Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa kule Kilwa Kisiwani, na ndilo lililochomwa ili kupata chokaa ya kuunganishia kuta zake. Sifa hiyo ya kuzaa chokaa, iliyowafaa waashi, haimfai mwenye kitanda cha mimea.

Samaki, mboga na bakteria hupatana vizuri katika maji yenye pH ya 6 hadi 7. Jiwe la chokaa huyeyuka polepole na kuipandisha pH hadi karibu 8, pengine kupita hapo. Madhara yake ni mawili. Kwanza, mboga hushindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yamo majini. Majani machanga ya mchicha au tembele hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Pili, sumu ya amonia huongezeka makali. Katika maji ya nyuzi 28 za Selsiasi, chini ya asilimia 1 ya amonia huwa katika hali ya sumu kali pH ikiwa 7. pH ikifika 8, kiasi hicho hupanda hadi asilimia 6 au zaidi.

Jaribio la siki

Chukua mawe machache kutoka sehemu mbalimbali za rundo, yaoshe na kuyakausha. Yapasue baadhi, kisha uyatie katika gilasi yenye siki. Maji ya ndimu yanaweza kutumika pia. Jiwe likitoa mapovu, lina chokaa, nalo halifai kujazia kitanda. Lisipotoa povu hata baada ya muda, linafaa. Rundo lenye mchanganyiko lihesabiwe kuwa halifai.

Nyenzo zinazopatikana

Kokoto za mto au za mwamba mgumu kutoka bara ni chaguo jema zikishinda jaribio la siki. Kabla ya kuchota mtoni, mkazi apate kibali kupitia ofisi ya kijiji.

Vipande vya matofali ya kuchoma ni vyepesi, vina vitundu, na mara nyingi hupatikana kwa bei ndogo. Viloweke usiku kucha: vinavyogeuka tope havikuiva vyema, vitupwe. Ondoa vyenye mabaki ya saruji, kwa kuwa saruji nayo hupandisha pH.

Makumbi ya nazi huoza na kuziba kitanda. Yafaa zaidi kwa matandazo bustanini. Mchanga na kokoto za ufukweni visitumike, kwa kuwa vina chumvi na vipande vya makombe. Kuvunja matumbawe baharini ni kosa kisheria, na mawe ya magofu yasiguswe.

Nyenzo yoyote iliyochaguliwa ioshwe hadi maji yatoke meupe.

Maji nayo yaangaliwe

Visima vingi vilivyochimbwa katika mwamba wa matumbawe hutoa maji magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Kokoto njema pekee hazitatosha ikiwa maji ni ya namna hiyo. Mkazi avune maji ya mvua na kuyachanganya na ya kisima.

Ikiwa kitanda kimekwisha kujazwa mawe ya chokaa, usimimine siki wala tindikali tangini. Mawe yataimeza tindikali hiyo, pH itashuka na kupanda tena kwa ghafla, na samaki watakufa. Badilisha kokoto kidogo kidogo, robo ya kitanda kwa wakati mmoja, ili bakteria wasitoweke wote.

Hata hivyo, jiwe letu lina nafasi yake. Kazi ya bakteria huzalisha tindikali, hivyo baada ya miezi kadhaa pH inaweza kushuka chini ya 6. Hapo tia konzi chache za makombe au mawe ya chokaa katika mfuko wa wavu, uning'inize tangini, na uuondoe pH ikirejea karibu na 7. Chokaa katika akwaponiki ni kama dawa: hupimwa, hutolewa panapo haja, na haifanywi chakula cha kila siku.

Wananchi wanaokusudia kuanza wawasiliane na Afisa Ugani wa kata yao au Afisa Uvuvi kabla ya kununua kokoto, wakiwa na sampuli ya mawe na chupa ya maji watakayotumia.