Wino Usiokauka: Kuchapa Picha za Kufundishia juu ya Filamu Ing'aayo

Filamu ing'aayo hukoleza rangi za picha, wala haichaniki upesi kama karatasi. Lakini bei yake ni kubwa, na shule yenye fedha kidogo itakapopoteza kurasa tatu huenda imepoteza picha zote za muhula.

Nikiwa mwalimu mpya nilichapa picha ya moyo wa binadamu kwa ajili ya somo la sayansi. Wino ulijikusanya matone matone, kama umande juu ya jani la mgomba. Niliilaumu printa, nikaisafisha mara nne mfululizo hata wino ukakaribia kwisha, na picha ikatoka vilevile. Kumbe filamu niliiweka kichinichini!

Plastiki hainywi maji. Ili wino wa majimaji upate kushika, filamu hupakwa utando maalumu kiwandani, mara nyingi upande mmoja tu. Lowesha kidogo ncha ya kidole, uguse pembe ya ukurasa pande zote mbili: penye utando hunata, pasipo utando huteleza. Filamu iliyotengenezwa kwa printa za leza huenda isishike wino kwa upande wowote. Kinyume chake ni hatari zaidi, kwani printa ya leza hutumia joto kali, na filamu isiyostahimili joto hilo yaweza kuyeyuka ndani ya mashine.

Ikiwa upande ni sahihi na wino bado unafutika, tazama ni rangi ipi ifutikayo. Dalili hii mwalimu asiipuuze. Zipo printa zenye wino mweusi wa namna mbili: mmoja wa chembechembe, uliokusudiwa maandishi ya karatasi ya kawaida, na mwingine wa picha. Mchapaji akisahau kubadili aina ya karatasi katika kompyuta, printa hutumia ule wa chembechembe, nao hubaki juu ya utando bila kuzama. Basi rangi nyingine zitakauka, na mweusi peke yake utaambukiza vidole.

Mistari myeupe inayokata picha ni jambo jingine, na hapo ndipo kusafisha kunapofaa. Hata hivyo, chapa kwanza jaribio la matundu ya wino juu ya karatasi ya kawaida. Mistari ya jaribio ikiwa kamili, usisafishe, kwa maana kila usafishaji hunywa wino. Penye hewa ya unyevu, kama pwani wakati wa masika, kurasa zitandazwe usiku kucha zisipandane.

Jambo hili linafaa kufundishwa chuoni kwa vitendo. Mkufunzi asitaje sababu. Awape wanachuo kurasa zilizoharibika, ule wa matone, ule wa weusi unaofutika na ule wa mistari, nao waeleze waonacho kabla ya kukisia chanzo. Kisha wajaribu kwa picha ndogo ileile, wakibadili jambo moja tu kila mara. Picha hiyo ichapwe ukingoni mwa ukurasa. Ikishakauka kabisa, ukurasa uzungushwe bila kupinduliwa, ukingo wa pili utumike kwa jaribio lifuatalo. Tarehe na badiliko lililofanywa viandikwe kwa penseli katika daftari, si juu ya filamu, maana penseli huukwaruza utando.