Kutupa Mkuki na Jicho la Mwenzako

Katika michezo ya shule, mkuki ndio unaosahauliwa kuliko yote. Mpira wa miguu una washabiki, netiboli ina washabiki, hata mbio za mita 100 hukusanya watu kando ya uwanja. Lakini siku ya kuchagua timu ya UMISSETA, mtu wa mkuki hutafutwa mwishoni, naye aghalabu huwa ni kijana yeyote mwenye mabega mapana. Hupewa mkuki, akaambiwa, "Tupa kwa nguvu." Mimi ni mmoja wa waliokuwa wakisema maneno hayo, na nataka kueleza kwa nini siyasemi tena.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Mkuki wa mashindano ya wanaume una uzito wa gramu 800, na wa wanawake gramu 600. Jembe la nyumbani ni zito zaidi. Basi kutupa mkuki si kazi ya kubeba mzigo, bali ni kazi ya kukipa kitu chepesi mwendo mkubwa kwa muda mfupi sana. Wanaosoma fizikia wajua kwamba, tukiacha habari za hewa, umbali hukua kwa mraba wa mwendo. Ukiongeza mwendo kwa sehemu moja ya kumi, umbali utaongezeka kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano. Mtu wa mita 40 atakaribia mita 48.

Mwendo huo hautoki mkononi. Hapa Mwamkulu, mfano tunao kila mavuno. Mtazameni mtu aliyezoea kupiga mpunga kwa fimbo: miguu imesimama imara, kiuno chageuka, mabega yafuata, na mkono ndio wa mwisho kushuka. Mgeni wa kazi hiyo hutumia mkono peke yake, na gunia la kwanza halijajaa naye amekwisha choka. Mtupaji mkuki hufuata utaratibu uleule: mguu, nyonga, kifua, bega, kiwiko, kiganja. Kila kiungo huanza pale kilichokitangulia kinapofikia kilele chake. Wacheza gofu nao, ambao viwanja vyao viko mbali nasi, hufundishwa vivyo hivyo. Fimbo yao ya kupigia mpira huja nyuma ya nyonga na mabega.

Jambo gumu zaidi ni mguu wa mbele, yaani wa kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Mguu huo hutua ukiwa umenyooka, na mwili uliokuwa ukija mbio huzuiwa ghafula. Aliyewahi kukamata breki ya mbele ya baiskeli kwenye mteremko anajua kinachofuata: gurudumu husimama, na aliye juu hurushwa mbele. Katika mkuki twataka hasa kurushwa huko. Goti likikunjika, mwendo wote wa mbio humezwa na goti, na mkono hubaki kufanya kazi ya mwili mzima. Ndipo kiwiko huanza kuuma.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, kijana mwenye bidii, aliyefanya mazoezi muhula mzima bila kuongeza hata mita mbili. Nilimwambia aongeze nguvu, naye akaongeza, mpaka ikawa hawezi kunyoosha mkono vizuri asubuhi. Siku moja msichana wa Kidato cha Pili, aliyekuwa amekaa kivulini akingoja zamu yake, akasema, "Mwalimu, samahani, mbona mguu wake wa kushoto unakunjika kila mara?" Yule kijana akakana kwa kiapo, alisema anausikia umenyooka kama mti. Nikachukua simu yangu, nikampiga picha za video akitupa mara tatu, kisha tukazitazama polepole. Goti lilikunjika mara zote tatu. Hakuwa mwongo. Mwili wake ulikuwa umezoea kosa hata ukaliona kuwa ni sawa. Nami mwalimu wake nilikuwa nikitazama mkuki angani, sikuwa nikimtazama mtupaji.

Huenda mtu akauliza: je, haiwezekani kujifunza peke yako kwa kuwatazama walio hodari? Yawezekana, tena jirani zetu wa Kenya wanaye mtu wa kutushuhudia. Julius Yego, mzaliwa wa Nandi, nchi ya wakimbiaji, hakuwa na mwalimu wa mkuki. Alikwenda kwenye vibanda vya intaneti akatazama video za Jan Železný wa Ucheki, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 98.48 mwaka 1996, na za Andreas Thorkildsen wa Norway. Kwa njia hiyo alipata medali ya dhahabu katika Michezo ya Afrika, Maputo, mwaka 2011. Baadaye alipata nafasi ya kufanya mazoezi Finland chini ya mwalimu Petteri Piironen. Mwaka 2015, huko Beijing, akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72, na mwaka 2016 akapata medali ya fedha katika Olimpiki ya Rio kwa mita 88.24. Wengi huisimulia habari hii wakaishia kwenye video. Mimi nashikilia sana sehemu ile ya Finland. Video humwonyesha mtu jinsi Železný anavyotupa. Haimwonyeshi jinsi yeye mwenyewe anavyotupa.

Sasa mazoezi. Anzeni bila mbio. Simama mguu wa kushoto ukiwa mbele, mkono wa mkuki umenyooka nyuma, kiganja juu ya usawa wa bega, ukautupe uchome ardhini mita kumi tu mbele yako. Hapo mkuki wenyewe ni mwalimu: mkia ukitikisika kama wa mbwa, hukuvuta kwa kufuata urefu wake, umeuvuta kwa upande. Ukizoea, ongeza hatua tatu, kisha tano. Mbio ndefu zingoje. Mbio juu ya kosa huongeza kosa. Asiye na mkuki atumie mwanzi ulionyooka, au mpira wa matambara autupe ukutani. Na pembe msiitafute ile ya digrii 45 ya vitabuni. Mkono hutoa mwendo mkubwa zaidi kwa pembe ya chini, na hewa nayo ina neno lake. Watupaji hodari huachia mkuki karibu na digrii 35.

Fanyeni kazi wawiliwawili. Mtazamaji apewe jambo moja tu la kutazama, mathalan goti, wala asigeuke kuufuata mkuki. Mtupaji atupe mara tatu, kisha yeye mwenyewe aseme kwanza alivyosikia mwilini. Ndipo mwenzake aseme alichoona. Kupishana kwa maneno hayo mawili ndiko kunakofundisha. "Vizuri" na "vibaya" si majibu. "Goti lilikunjika mara mbili, mara ya tatu halikukunjika" ni jibu. Tena msiseme baada ya kila mtupo, kwani mtupaji huzoea kungoja sauti ya mwenzake akaacha kuusikiliza mwili wake.

Kuhusu usalama sina mzaha. Wote husimama mstari mmoja, wote hutupa upande mmoja, wote huenda kuokota pamoja, tena kwa kutembea. Mkuki hubebwa ukiwa wima. Mkuki uliochomeka ardhini una mkia unaofika usawa wa uso wa mtu, na anayeukimbilia huenda asiuone.

Yule kijana tulimpumzisha wiki nne. Alirudi akatupa akiwa amesimama, bila mbio, kwa mwanzi, na yule msichana akimtazama goti. Kiwiko hakimuumi. Bado hajaifikia alama yake ya zamani, naye hunung'unika, lakini katika mitupo kumi ya juma lililopita goti lilikaa sawa mara saba. Juma hili tunamwongezea hatua tatu.