Tangi likipasuka, okoa hewa kwanza

Alfajiri ya Desemba 16, 2022, tangi kubwa la mviringo lililosimama katikati ya hoteli moja mjini Berlin lilipasuka na kumwaga karibu lita milioni 1 za maji. Lilikuwa na samaki wapatao 1,500 wa bahari za joto, na karibu wote walikufa. Katika habari ile kuna mambo mawili ambayo kila mfugaji wa samaki wa mapambo angefaa kuyatafakari. La kwanza, makumi kadhaa ya samaki walikutwa hai kwenye maji machache yaliyosalia chini ya tangi. La pili, matangi madogo yaliyokuwa chini ya ukumbi hayakupasuka, lakini mamia ya samaki waliokuwamo ilibidi wahamishwe upesi, kwa kuwa umeme ulikatika na hewa haikuingia tena majini. Yaani wenye maji kidogo walikutwa wazima, na wenye maji tele wakawa hatarini. Ndiyo maana nashikilia kwamba tangi likiharibika ghafla, kazi ya kwanza ni kulinda hewa, ya pili ni kulinda bakteria wa filta. Kioo kipya kinaweza kungoja hata wiki mbili.

Nazungumzia samaki wakubwa, kama oska wa Amazoni au frontosa wa Ziwa Tanganyika, ambao hufika sentimeta 30 na kupita. Maji ya nyuzi 25 hubeba takribani miligramu 8 tu za oksijeni kwa lita, na yakipanda hadi nyuzi 30, joto la kawaida la chumba cha Mombasa au Dar mwezi Februari, hushuka hadi kama 7 na nusu. Ndoo ya lita 20 basi ina miligramu 160 kwa jumla, na samaki mkubwa aliyeshtuka huzila haraka mno. Ukimwona amepanda juu, mdomo unagusa uso wa maji na matamvua yanapiga mbio, ujue hana muda wa kusubiri fundi.

Kabla ya yote zima umeme kwenye swichi kuu, maana sakafu imelowa na nyaya zipo chini. Hita ya kioo iliyobaki nje ya maji ikiwa bado ina moto hupasuka, kwa hiyo nayo ichomolewe. Halafu vuta maji ya tangi kwa mpira uyaweke kwenye ndoo safi zisizowahi kushika sabuni. Usipoteze dakika hizo kupaka silikoni kwenye ufa: silikoni haishiki kioo kilicholowa, na ikishapakwa vizuri pakavu bado inahitaji siku moja, mbili au zaidi kabla ya kubeba maji. Tangi la lita 400 lina maji ya kilo 400 yanayosukuma ule ufa.

Filta ndiyo watu husahau. Sponji na vijiwe vyake vimejaa bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati, na bakteria hao wanahitaji oksijeni kama samaki wenyewe. Filta ya nje iliyofungwa kifuniko, ikikaa saa kadhaa bila maji kupita, humaliza hewa iliyokuwamo, bakteria huanza kufa na maji ya ndani huoza. Ukiiwasha tena bila kuifungua, uchafu wote ule unamiminika kwa samaki. Ifungue mapema, toa sponji na vijiwe, uvizamishe kwenye maji ya tangi lile lile pamoja na jiwe la hewa linalotoa mapovu. Pampu ndogo ya hewa ya betri haina bei kubwa, na kwa nchi zenye mgao wa umeme naiona ni lazima, hata kwa asiyetarajia kioo chake kupasuka.

Sasa chombo. Wengi hukimbilia pipa la lita 200 kwa kuwa linaonekana kubeba maji mengi. Mimi nashauri chombo kipana na kifupi: bwawa la plastiki la watoto, au fremu ya mbao iliyotandikwa turubai jipya lililosuuzwa kwa maji matupu. Hesabu iko wazi. Hewa huingia kupitia uso wa maji, na uso wa pipa la kawaida ni kama robo ya mita ya mraba. Bwawa la upana wa mita 1.2 likijazwa sentimeta 30 linachukua lita zipatazo 340, na uso wake unazidi ule wa pipa zaidi ya mara nne. Lifunike kwa wavu au shuka, kwa sababu samaki aliyetishika huruka, na giza humtuliza. Ukimhamisha, usimkamate kwa wavu. Miiba ya pezi la mgongo la frontosa hunasa kwenye matundu, naye akijipinda ngozi laini iliyo kati ya mwiba na mwiba inachanika hadi chini. Zamisha beseni, msukume aingie taratibu, umbebe pamoja na maji yake.

Kuna atakayesema: kwa nini nihangaike na maji ya zamani wakati bomba lipo? Kwa sababu maji yaliyotoka bombani sasa hivi yana klorini, na klorini huunguza matamvua. Mpaka uiondoe kwa thiosalfeti ya sodiamu usiyaamini. Ya kisima hayana klorini, lakini mara nyingi hutoka yakiwa na oksijeni haba na lazima yapigwe hewa kwanza. Tena kwenye visima vingi vya pwani yana chumvichumvi, jambo ambalo frontosa huvumilia kuliko oska. Lililo zito zaidi ni pH. Kwenye nyuzi 25, maji ya pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yake katika hali ya sumu. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5, na kwenye pH 9, ambayo maji ya Tanganyika huikaribia, hupita theluthi. Kiasi kile kile cha uchafu ambacho oska angekivumilia kinaweza kumwua frontosa. Kwa hiyo acha kumlisha kwa siku kadhaa. Samaki mkubwa mwenye afya anamaliza wiki bila chakula, na asiyekula hutoa amonia kidogo. Badilisha robo ya maji kila siku, pima amonia na nitriti, na gramu 1 ya chumvi kwa lita itapunguza makali ya nitriti.

Pingamizi jingine ni kwamba rafiki ana tangi kubwa, tumpelekee. Naelewa kwa nini linavutia, lakini mimi nalihesabu kuwa njia ya mwisho. Samaki wa jamii ya oska na frontosa hugawana maeneo. Mgeni akiingizwa kwa mwenyeji hupigwa, na ugonjwa wa mmoja unakuwa wa wote. Katika bwawa lisilo na mawe wala mapango hakuna mwenye nyumba, na ugomvi hupungua sana. Rafiki akuazime sponji zake zilizokomaa. Hizo zitakusaidia kuliko nafasi yake.

Wapo pia watakaoona huruma ni kumwachia samaki mtoni au ziwani. Hapa sitaki kulegeza neno. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina nyingi mno za furu zikatoweka. Hata frontosa hafai kurudishwa Tanganyika: wa kaskazini na wa kusini mwa ziwa hawafanani, na aliyeishi tangi moja na samaki wa mabara mengine anaweza kubeba vimelea ambavyo ziwa halivijui. Mtafutie mfugaji mwenye tangi la kutosha, muuzaji atakayempokea bure, au bwawa la ndani lililozungushiwa ukuta lisilo na mfereji wa kutokea. Akikosekana kabisa wa kumpokea, au akiwa ameumia asiweze kupona, mafuta ya karafuu ndiyo njia yenye upole. Changanya na maji ya moto kidogo kwenye chupa, utikise hadi yawe meupe, kisha umimine polepole kwenye beseni alimo hadi mafuta yafike karibu mililita 0.4 kwa kila lita. Atalala kwanza; mwache humo nusu saa nzima baada ya matamvua kusimama.